Njiwa katika boma: Rafiki asiyejua kuhama

MTU akitaja ufugaji mbele ya mkazi wa Garissa, wazo la kwanza huwa ni ngamia. La pili ni ng'ombe na mbuzi, pamoja na soko la mifugo la mji huo ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa zaidi katika Afrika Mashariki. Njiwa hayumo. Kiumbe asiyekamwa, asiyebeba mzigo wala kutolewa mahari, aghalabu haingii katika hesabu ya mfugaji wa Kaskazini Mashariki.

Hata hivyo, msomaji, leo tumzungumze njiwa, na si kama kitoweo au biashara, bali kama mwenzi wa nyumbani. Kuna sababu nzuri ya kufanya hivyo. Maisha ya eneo hili yamebadilika. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa katika maeneo kame ya Kenya, na familia nyingi zikaishia katika bulla zinazozunguka miji ya Garissa, Wajir na Mandera. Humo, ua ni mdogo na malisho hakuna. Mtoto aliyezoea kuamka akihesabu mbuzi wa baba yake sasa anaamka na hana cha kuhesabu.

Njiwa hatarudisha mbuzi waliokufa, na mtu asikudanganye hivyo. Lakini mtoto aliyelelewa katika desturi ya kutunza kiumbe hai anaweza kuendelea nayo katika nafasi ya mita mbili kwa moja na nusu, kwa chakula kisichozidi kiganja. Hata wewe unayesoma ukurasa huu ukiwa Eastleigh, Kisauni au Nakuru, mengi yaliyomo humu yatakufaa, isipokuwa labda yale ya joto.

Ndege gani huyu?

Wasomali humwita qoolley. Waswahili wana majina mengi kwa jamaa zake: njiwa, hua, tetere, pugi, ninga. Njiwa manga ndiye yule wa kufugwa, ambaye babu zake walikuwa njiwa wa majabali wa nchi za Bahari ya Kati na Asia. Mwanadamu amekaa naye kwa maelfu ya miaka, na ndiyo maana akiachiliwa mjini huchagua kingo za majumba badala ya miti: kwake, ghorofa ni jabali.

Kaskazini Mashariki pia ina ndege wake wa porini wa ukoo huu. Wapo hua wadogo wanaookota mbegu chini ya migunga, na yupo yule mdogo kabisa mwenye mkia mrefu ambaye dume lake lina uso mweusi. Kule Mandera, kandokando ya Mto Daua, anaishi hua mwenye ukingo mweupe mbawani ambaye nchini Kenya hupatikana katika pembe hiyo tu. Makao yake mengine duniani ni Ethiopia na Somalia. Wataalamu wa ndege hufunga safari ndefu kwenda kumtafuta. Mwanafunzi wa Mandera humwona akienda mtoni.

Hawa wa porini waache walivyo. Sheria ya Kenya ya wanyamapori ya 2013 inawalinda, na zaidi ya hayo, wahenga walikwisha kutuonya kuwa ndege mwigo hana mazoea. Hua aliyenaswa porini hujigonga kwenye waya mpaka akajiumiza. Anayestahili kufugwa ni njiwa manga aliyezaliwa mikononi mwa mtu, na utampata kwa wafugaji wenzako.

Mwenye nyumba moja

Kabla hujanunua, elewa tabia moja ya njiwa inayomtofautisha kabisa na desturi ya wenyeji wa eneo hili. Mfugaji wa kuhamahama hufuata mvua. Aqal hubomolewa asubuhi, mikeka na miti yake ikapakiwa juu ya ngamia, na jioni ikasimama kwingine na bado ikaitwa nyumbani. Njiwa hawezi hayo. Akishaijua nyumba, huirudia hata ukimpeleka mbali kiasi gani ndani ya uwezo wa mbawa zake.

Hutumia nini kuikumbuka njia? Majaribio mengi yameonyesha kwamba husoma mahali jua lilipo na kulilinganisha na saa iliyo mwilini mwake, huhisi nguvu ya sumaku ya dunia, hunusa harufu zinazoletwa na upepo, na akikaribia kwao hufuata barabara na alama anazozijua. Wanasayansi bado wanabishana ni lipi kati ya hayo lenye uzito zaidi.

Binadamu aliitumia tabia hiyo mapema. Watawala wa Baghdad, Damascus na Cairo waliwahi kuwa na posta ya njiwa katika zama za kati. Mnamo 1850 Paul Julius Reuter, ambaye jina lake hadi leo limo kwenye habari tunazosoma magazetini, alitumia njiwa kuvusha bei za masoko ya hisa kati ya Brussels, Ubelgiji, na Aachen, Ujerumani, kwa sababu nyaya za simu za wakati huo zilikuwa hazijaunganishwa baina ya miji hiyo. Njiwa alilishinda gari la moshi. Nao washairi wa pwani yetu hawakuchoka kumtuma njiwa na salamu kwa mpenzi wa mbali, ingawa kusema kweli njiwa hampeleki mtu salamu popote ila kwao mwenyewe.

Siku hizi mashindano ya njiwa ni mchezo wa matajiri. Novemba 2020, njiwa jike wa Ubelgiji aliyeitwa New Kim aliuzwa mnadani kwa euro milioni 1.6, yaani zaidi ya shilingi milioni 200 za Kenya wakati huo. Usitishike. Njiwa wa ua wako hahitaji nasaba hiyo ili akupende.

Nyumba isiyochoma

Adui wa kwanza wa njiwa wa Garissa ni joto. Mji upo karibu kabisa na mstari wa ikweta, bondeni mwa Mto Tana, na mchana nyuzi 35 za sentigredi ni jambo la kawaida. Februari na Machi huwa zaidi. Banda la mabati matupu katika hali hiyo ni tanuri. Makinda ambao hawajaota manyoya hufia humo kabla ya adhuhuri.

Jenga hivi. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la alasiri lipige pande fupi peke yake. Pande ndefu, za kaskazini na kusini, ziachwe wazi kwa wavu wa waya ili upepo upite. Ezeka kwa makuti au nyasi. Ikiwa huna budi kutumia mabati, tandika juu yake mikeka iliyochakaa, magunia au matawi, na uache nafasi ya shubiri moja kati ya tandiko hilo na bati. Chini ya mti ni bora kuliko kote.

Kuhusu miti ya kujengea, mkazi wa Garissa ana bahati ambayo wengine huiona balaa. Mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa ili kuzuia jangwa na ambao sasa umevamia malisho na kingo za mto, hutoa nguzo ngumu zisizoliwa ovyo na mchwa. Kata, ondoa miiba yote, menya magome, tumia. Utakuwa umepata banda na kupunguza kichaka kwa wakati mmoja.

Inua banda mita moja na nusu kutoka ardhini. Kila nguzo ivishwe kipande cha bati laini katikati, kiasi cha urefu wa mkono, ili nyoka, panya na paka washindwe kupanda. Waya uwe wa matundu madogo. Ule wa kawaida wa kuku hupitisha panya na nyoka wembamba. Kwa jozi tano, banda la urefu wa mita mbili, upana wa mita moja na nusu na kimo cha kumwezesha mtu mzima kuingia na kufagia linatosha. Ndani weka masanduku ya kutagia, kila jozi na masanduku mawili, yenye upana wa sentimita 60 na kina cha 40. Kreti za matunda zilizokwisha kazi zinafaa. Weka pia vijiti au vibao vya kulalia, kila ndege na chake, kwani njiwa ni mpole kwa watu lakini mgomvi kwa nafasi.

Mlango ufungwe kabla ya magharibi. Usiku ni wa bundi, kanu na paka shume. Mchana jihadhari na kipanga na kozi, hasa asubuhi wakati kundi linaporuka. Huwezi kuwazuia wote. Unachoweza ni kutowaachia njiwa nje bila mtu.

Gorogoro na mtungi

Chakula cha njiwa ni nafaka na kunde. Mtama ndio msingi, kisha mahindi yaliyovunjwavunjwa, ngano kidogo, ndengu na kunde. Kadiria sehemu tatu za nafaka kwa sehemu moja ya jamii ya kunde. Njiwa mmoja hula gramu 30 hadi 40 kwa siku, na kwa hivyo gorogoro moja la kilo mbili humtosha dume na jike wake karibu mwezi mzima. Wakiwa na makinda, hesabu hiyo huongezeka karibu maradufu.

Pikia familia yako ugali, lakini njiwa usimpe mabaki ya ugali, mkate wala wali kama chakula cha kila siku. Hujaza tumbo bila kujenga mwili. Na mahindi yaliyoota kuvu usimpe kamwe, hata kama ni ya bure: sumukuvu inayowaua binadamu humuua na ndege.

Njiwa hana meno, husaga nafaka katika firigisi kwa vijiwe. Mpe changarawe laini, maganda ya mayai yaliyochemshwa na kupondwa, na chumvi kidogo mno. Jike asiyepata maganda hayo hutaga mayai laini yanayopasuka.

Sasa maji. Huenda ukaambiwa ndege wa nchi kavu huvumilia kiu. Si njiwa. Mla mbegu kavu ni lazima anywe kila siku, na njiwa hunywa kwa namna yake: kuku huinua kichwa ili maji yashuke, njiwa huzamisha mdomo na kufyonza mfululizo kama ng'ombe. Kwa hiyo chombo kiwe na kina cha kutosha, cha udongo kikiwezekana kwa kuwa hutunza ubaridi, na kikae kivulini. Badilisha maji asubuhi na adhuhuri. Ukiona njiwa ameachama mdomo, koo likitetemeka na mbawa kaziacha mbali na mwili, joto limemzidi. Mpeleke kivulini na umpe maji mara moja.

Mara moja au mbili kwa juma mwekee beseni la maji ya kina cha vidole vitatu, aoge. Ni burudani kwa watoto kutazama. Najua maji ni ghali katika bulla nyingi, na ndoo hununuliwa. Basi maji hayo ya kuogea yasimwagwe: yapeleke kwenye mche wa mwarobaini au wa mpapai.

Mume na mke

Njiwa hufunga ndoa. Dume huvimbisha shingo, huzunguka akilia kuu-kuu na kuburuta mkia, na jike akikubali hugusana midomo kama wanaolishana. Tangu hapo hukaa pamoja, aghalabu hadi mmoja afe. Kununua njiwa mmoja peke yake ni kumtia upweke, labda kama nyumbani kuna mtu wa kukaa naye kutwa. Anza na jozi mbili.

Jike hutaga mayai mawili, la pili likifuata baada ya siku mbili hivi. Kuatamia huchukua siku 17 hadi 19, na hapa akina baba wasome kwa makini: dume huingia kiotani katikati ya asubuhi na kuatamia hadi alasiri, kisha jike huchukua zamu ya jioni na usiku kucha. Hakuna anayemkumbusha mwenzake.

Kinda huzaliwa kipofu, amevaa vinyoya vichache vya manjano. Siku zake za kwanza hanywi maji wala hali nafaka. Wazazi wote wawili, dume na jike, humlisha uji mzito unaotengenezwa katika gole, ambao huitwa maziwa ya njiwa kwa sababu una protini na mafuta mengi kama maziwa. Ndege wachache mno duniani wana uwezo huo. Mmoja wao ni heroe, yule wa waridi wa Ziwa Nakuru. Kwa lishe hiyo kinda hukua kwa kasi ya ajabu, na akitimiza wiki nne au tano anatoka kiotani akiwa karibu sawa na wazazi.

Uzazi huo ni baraka na pia ni mtego. Jozi iliyoshiba huweza kutaga tena kabla makinda hawajatoka, na kufanya hivyo mara kadhaa kwa mwaka. Makinda nao huwa tayari kupata wenzi wakiwa na miezi sita hivi. Piga hesabu mwenyewe: jozi mbili za leo ni kundi la makumi baada ya miaka miwili, na chakula kilichokuwa gorogoro moja kinakuwa gunia. Dawa yake ni rahisi. Ondoa mayai katika siku mbili tatu za kwanza na uweke badala yake mayai ya bandia ya mbao au plasta. Ukiyaondoa bila badala, jike atataga mengine upesi na kujichosha. Amua mapema idadi unayoimudu, na usiivuke.

Kuzoeana

Njiwa hazoei kwa kushikwa, huzoea kwa kuaminishwa. Chagua mtu mmoja wa nyumbani, ikiwezekana mtoto wa miaka tisa au kumi, awe ndiye mlishaji. Aende saa ile ile kila siku, akae chini badala ya kusimama, na atikise mkebe wa nafaka au apige mbinja ile ile kabla ya kumwaga chakula. Wiki ya kwanza amwage mbali. Wiki ya pili karibu na miguu. Kisha aweke punje za njugu karanga zilizovunjwa kiganjani, anyooshe mkono na asitikisike. Atakayekuja kwanza hatakuwa yule mzuri zaidi, bali yule jasiri. Wengine watamfuata.

Mafunzo haya hufanyika kabla ya mlo, njiwa wakiwa na njaa kidogo. Njaa kidogo, nasema, si kuwanyima. Asiwakimbize, asiwashike mikia, asiwatishe wageni nao. Njiwa humtambua mtu: utafiti uliotolewa Ufaransa mnamo 2011 ulionyesha kwamba njiwa wa mitaani waliweza kumtofautisha mtu aliyewafukuza na yule aliyewaacha wale, hata wawili hao walipobadilishana mavazi. Mtoto mkorofi atakumbukwa.

Kwa mwanafunzi, banda ni maabara. Charles Darwin alifuga njiwa nyumbani kwake kuanzia miaka ya 1850, akajiunga na vyama vya wafugaji wa London, na sura ya kwanza ya kitabu chake maarufu cha 1859 imejaa njiwa. Nunua daftari. Andika tarehe ya yai, tarehe ya kuanguliwa, rangi ya baba, ya mama na ya mtoto, uzito, saa za zamu. Mwaka mmoja wa kumbukumbu hizo utakufundisha urithi wa viumbe kuliko kukariri.

Afya ya ndege, afya ya nyumba

Hapa naomba mzazi asome polepole. Njiwa huugua kideri kama kuku. Ukiona anazungusha shingo, anaanguka au anashindwa kudonoa, mtenge na umtafute daktari wa mifugo, kisha umwulize kuhusu chanjo. Ndui huleta vipele vyenye magamba machoni na mdomoni, na huenezwa na mbu, ambao ni wengi mto unapofurika. Uchafu wa manjano kooni ni ugonjwa mwingine unaotibika ukiwahiwa. Usinunue dawa za kubahatisha dukani ukamchanganyia maji. Njiwa mgeni yeyote akae peke yake wiki tatu kabla ya kuingia kundini.

Hatari kwa binadamu iko kwenye vumbi la kinyesi kikavu, na Garissa kila kitu hukauka upesi. Kabla ya kufagia, nyunyiza maji kidogo ili vumbi lisiruke. Vaa barakoa au funika pua na mdomo kwa kitambaa. Nawa mikono kwa sabuni, na watoto pia, kila watokapo bandani. Banda lisiwe ndani ya chumba cha kulala wala karibu na jiko, na lisiwe juu ya tangi la maji.

Mwenye pumu asifanye usafi huo. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, anayetibiwa saratani, au yeyote ambaye kinga yake ya mwili ni dhaifu, asishughulike na kinyesi cha njiwa hata kidogo, kwani kina kuvu inayoweza kuingia mapafuni na hata kufika kwenye utando wa ubongo. Na kama wewe mwenyewe unapata kikohozi, kifua kubana na homa saa chache baada ya kusafisha banda, usingoje. Nenda hospitali na umweleze daktari waziwazi kwamba unafuga njiwa. Wako wafugaji waliotibiwa kifua kwa miaka bila mtu kuwauliza swali hilo, huku mapafu yakiendelea kuharibika.

Jirani naye ana haki. Njiwa wako wakitua juu ya paa lake na kuchafua maji anayoyakinga msimu wa mvua, urafiki wenu utakwisha. Mweleze kabla ya kujenga. Mpe mbolea: kinyesi kilichooza vizuri kwa miezi kadhaa pamoja na takataka za mboga ni chakula kizuri cha sukuma wiki. Nchini Misri na Iran watu walijenga minara mikubwa ya njiwa, na katika Iran lengo hasa lilikuwa mbolea hiyo ya mashamba.

Ukihama je?

Swali hili si la kubuni. Novemba 2023, mvua za El Niño ziliufurisha Mto Tana, barabara kati ya Madogo na Garissa ikakatika, na maelfu ya watu wa kingo za mto wakakimbilia kambi za muda kwenye miinuko. Aprili 2024 maji yakarudi. Mtu aliyeondoka na njiwa wake, akawafungua kesho yake katika makao mapya, aliwapoteza: walirudi kutua juu ya paa la nyumba iliyozama.

Basi ukilazimika kuhama, wabebe usiku wakiwa wametulia, katika kreti yenye hewa. Huko uendako wafungie. Waweke mahali wanapoweza kuona anga, miti na mapaa ya jirani kupitia waya, kwa muda usiopungua wiki sita. Siku ya kwanza ya kuwafungulia iwe jioni, wakiwa na njaa, jua likiwa limebaki kidogo, ili wasipate muda wa kwenda mbali. Wengi watakubali. Baadhi ya wazee hawatakubali kamwe, na siku yoyote watakayopata mwanya wataondoka. Hao waache wafungwe katika ua mpana wa waya, watage humo. Makinda wao hawatakuwa na kumbukumbu ya kwingine. Wakifunguliwa wiki ya sita ya maisha yao, watazunguka angani, watapanda, watashuka, na watatua hapo hapo, kwa kuwa hapo ndipo kwao.

Siku ya huzuni

Njiwa anayetunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 15. Mtoto wa Gredi ya 4 anaweza kuwa naye hadi amalize chuo. Lakini kipanga hana kalenda, na siku moja mtoto atakuta manyoya chini. Usimwambie ni ndege tu, tutanunua mwingine. Waislamu wengi wanakijua kisa cha Mtume na yule mtoto aliyeitwa Abu Umayr, ambaye alikuwa akicheza na kijindege chake, kikafa. Mtume alipomwona ana huzuni alimwendea na kumwuliza habari za kijindege hicho. Kiongozi wa umma alipata nafasi ya huzuni ya mtoto mdogo. Wewe na mimi hatuwezi kudai kwamba tuna shughuli nyingi zaidi. Mwache alie, mzike ndege pamoja naye, kisha mkague waya mjue kipanga au paka alipitia wapi.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kwa muuzaji, kaeni kama familia na mjibu maswali manne. Nani atabadilisha maji adhuhuri, siku ya shule na siku ya likizo? Nyumbani kuna mtu ambaye kifua chake hakiwezi kuvumilia vumbi? Jirani amekubali? Na mna nia ya kukaa hapo mlipo? Kama majibu yanaridhisha, jenga banda kwanza, lipate kivuli, ndipo ununue njiwa. Watu wengi hufanya kinyume, wakaja na ndege ndani ya katoni na kuanza kutafuta misumari.